Kipimo cha PSA cha tezi dume: sindano nyota tano, maelezo nyota moja

Naandika kama mteja, mimi sio daktari. Nina miaka 54, nimeshatolewa damu ya PSA, kile kipimo cha kuangalia dalili za kansa ya tezi dume, mara nne ndani ya miaka miwili, na kila nikiligusa hili jambo mbele ya wanaume wenzangu nusu wanacheka nusu wanaangalia simu zao, alafu usiku mmoja mmoja ananifuata pembeni, "kaka, hivi kinauma?" Hakiumi jamani. Ni damu tu. Shughuli inaanza ukishapewa majibu. Kwahiyo nimeona niandike yote hapa nichoke mara moja.

Kwa ujumla nakipa nyota 3 kati ya 5, na nitaeleza zile mbili zimepotelea wapi.

Kilichonipeleka ni kaka yangu mkubwa. Alilalamika mgongo karibu mwaka mzima, akachuliwa, akabadilisha godoro, akameza vidonge vya maumivu mpaka tumbo likamgomea, kuja kupimwa PSA ikasoma mia nne na kitu na kansa ilishafika kwenye mifupa. Hajawahi kupima hata siku moja kabla ya hapo, na kukojoa alikuwa anakojoa vizuri tu, hilo ndo lilimdanganya, maana sisi wote tunajua tezi dume ni ugonjwa wa kukojoa kwa shida. Kumbe ile shida ya mkojo mara nyingi ni tezi kuvimba kwa umri, na kansa yenyewe inaweza ikakaa kimya miaka bila kukugusa mkojo kabisa. Dokta wake akatuambia sisi wadogo zake, ukiwa na baba au kaka mwenye kansa hii hatari yako ni kama mara mbili ya mtu mwingine. Na ngozi nayo ina mchango, takwimu za Uingereza zinasema kwa wanaume wote ni mmoja kati ya 8 anayekuja kuipata maishani, kwa wanaume weusi ni mmoja kati ya 4. Nikapiga hesabu yangu kimyakimya nikaenda.

Sindano yenyewe sina neno. Hakuna kufunga kula, hakuna kuvua nguo, nesi kafunga mpira mkononi, "kunja ngumi mzee", kichupa kimoja, pamba, umemaliza. Dakika tano hazifiki. Wale mnaoogopa kidole, yaani dokta kupapasa tezi kwa kupitia njia ya haja kubwa, siku hizi sehemu nyingi damu ndo inatangulia, kidole kinakuja baadaye kama dokta ana sababu, kwahiyo hicho kisingizio kimeshakufa.

Sasa malalamiko. Hiki kipimo kina masharti, na mimi sikuambiwa hata moja. Sio mapokezi, sio nesi, sio ile fomu. Fomu iliniuliza jina, umri na namba ya simu. Hakuna aliyeniuliza kama nina UTI, na mimi wiki tatu nyuma nilikuwa nimetoka kumaliza dozi ya UTI iliyonilaza siku mbili. Hakuna aliyeniuliza kama naendesha baiskeli, na asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimepiga baiskeli saa nzima, tena nikaendea hukohuko hospitali nikaifunga getini. Hakuna aliyeniuliza mambo ya chumbani. Yote matatu yanaweza kupandisha namba. Maambukizi ndo mabaya zaidi, inatakiwa usubiri kama wiki sita hivi baada ya kupona, na kumwaga au mazoezi makali kama hiyo baiskeli upumzike masaa 48 kabla. Ukiwa umewekewa mpira wa mkojo au umefanyiwa biopsi, yaani kukatwa vinyama vya tezi vikapimwe, nayo inapanda, tena sana. Maswali matano tu, yanaingia kwenye kikaratasi cha ukubwa wa kiganja, wangebandika pale ukutani badala ya lile bango la kukataza simu.

Majibu yakaja kwa meseji, Ijumaa saa kumi na moja jioni. Nakumbuka nilikuwa nimesimama. Mstari mmoja: jumla ya PSA 6.8, pembeni herufi H (yaani iko juu) imekolezwa, na mabano yanasema kawaida ni 0 mpaka 4. Basi. Hamna neno lingine, na namba ya kupiga inapokelewa Jumatatu.

Hiyo wikiendi sitaki kuirudia. Nilimficha mke wangu Ijumaa, Jumamosi akanikamata nimekaa kwenye gari lililozimwa nagugo "PSA 6.8 unaishi muda gani". Ndo namna mtu mzima anavyokuwa mjinga. Kaka yangu alikuwa na mia nne, mimi sita nukta nane, lakini kichwani ile H ilikuwa inasoma kama hukumu ileile. Nyota ya kwanza imeondokea hapo. Namba kama hii kumtumia mtu Ijumaa jioni bila sentensi hata moja ya maelezo ni kumkosea.

Nikabadilisha dokta. Nusu ya hizo nyota tatu ni za huyu mama. Kabla hajaiangalia karatasi akaniuliza maswali yote niliyoyataja hapo juu, moja baada ya jingine, nami najibu ndio, ndio, ndio, mpaka akaweka kalamu chini akacheka. Akasema hii damu tuitupe, turudie baada ya wiki nane, na baiskeli uiache nyumbani.

Alafu akanieleza kitu ambacho mpaka leo nawaelezea watu. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, ya mwanaume yeyote, mzima au mgonjwa. Kazi yake ni kuyeyusha shahawa ziwe majimaji mbegu ziogelee. Kiasi kidogo kinavujia kwenye damu, na hicho ndo wanakipima kwa nanogramu kwenye mililita moja. Tezi ikivimba kinavuja zaidi, ikiwa na maambukizi kinavuja zaidi, ikiwa na kansa kinavuja zaidi. Kipimo hakijui kimevuja kwa sababu ipi. Jina lake lenyewe, prostate-specific antigen, yaani antijeni ya tezi dume, linataja tezi dume tu, kansa haipo kwenye jina, sisi ndo tumeiweka.

Akaniambia wanaume wenye namba kati ya 4 na 10 wakifanyiwa biopsi ni kama mmoja kati ya wanne anayekutwa na kansa. Wengine watatu wamepoteza usingizi bure kama mimi. Ukivuka 10 ndo inakuwa zaidi ya nusu. Nikapumua, nikasema kumbe chini ya nne ni salama? Akatikisa kichwa. Kuna utafiti wa Marekani uliotolewa 2004, waliwachukua wanaume ambao PSA yao haikuzidi 4 wakawafanyia biopsi hivyohivyo, asilimia 15 wakakutwa na kansa. Nyingi zile zisizo kali, sio zote. Kwahiyo ile 4 sio ukuta, ni chaki tu mtu kachora chini.

Wiki nane baadaye, bila baiskeli, 4.6. Yaani zaidi ya pointi mbili zilikuwa ni UTI na siti ya baiskeli! Kama ningekimbilia biopsi ile Jumatatu ningekatwa vinyama kwa sababu ya mkojo.

Kwenye damu hiyohiyo aliomba wapime na PSA huru. Hii wengi hawaijui. PSA kwenye damu ipo inayotembea peke yake na ipo iliyoshikana na protini nyingine, na mwenye kansa sehemu ile huru huwa ndogo. Ukiwa kwenye 4 mpaka 10 na huru ikawa chini ya asilimia 10 wanaanza kukuangalia kwa jicho lingine, ikizidi 25 wanapumua. Mimi 22. Sio cheti cha uzima lakini nililala. Kuna vipimo vingine vya damu vinavyofuata njia hiyo, kimoja kinaitwa PHI na kingine 4Kscore, vinachanganya aina tatu nne za hizo protini vinakupa alama moja ya kusaidia kuamua kama biopsi ina maana au haina. Mimi sikuvihitaji kwahiyo sivipi nyota.

Akanipeleka MRI. Tezi yangu ikatoka na ujazo wa mililita 58. Ya kijana ni kama 20 hadi 25, kwahiyo yangu imenenepa. Skani ikapewa alama 2 kati ya 5, maana yake hakuna cha kutisha sana. Alafu akageuza ile karatasi ya majibu akaandika nyuma kwa kalamu: 4.6 gawa kwa 58. Akanisukumia nifanye mwenyewe kwenye simu. 0.079. Akasema tukiona 0.15 kwenda juu ndo tunaanza kuhangaika, tezi kubwa inavujisha zaidi kwa sababu ni kubwa, hiyo ndo habari yako. Biopsi hamna, rudi baada ya mwaka. Ile karatasi ninayo mpaka leo, upande mmoja H imekolezwa, upande wa pili hesabu ya darasa la tano imeifuta.

Sasa tuwe wakweli, kama kipimo kinahitaji hesabu ya nyuma ya karatasi ili kieleweke, kina tatizo. Na wataalamu wenyewe wameshagombana sana juu yake. Richard Ablin, mmoja wa waliogundua antijeni ya tezi dume mwaka 1970, ndo huyohuyo aliyekuja kuandika kwenye New York Times mwaka 2010 akilaumu kipimo hiki kutumika kuwapima wanaume wote kwa mkupuo. Marekani, mwaka 1986 kilipokubaliwa rasmi, ilikuwa ni kwa ajili ya kufuatilia watu ambao tayari wana kansa. Kazi ya kutafuta kansa kwa mtu aliyejisikia mzima ilikuja kuruhusiwa 1994. Mwaka 2012 jopo lao la kitaifa la ushauri wa uchunguzi likasema msipime kabisa, hasara ni kubwa kuliko faida, 2018 likageuka likasema wenye miaka 55 mpaka 69 kila mtu akae na dokta wake waamue, wa 70 kwenda juu waache. Mteja wa kawaida ashike lipi?

Nilimuuliza huyo mama hasara inatoka wapi, maana damu ni damu. Akasema damu haina kosa, ni mlolongo wake. Kansa nyingi za tezi dume zinatembea kama kobe, mwanaume anakufa na miaka 85 kwa jambo lingine kabisa na kansa yake ipo nayo haijamgusa. Ukiitafuta utaipata, ukiipata utataka itolewe, ikitolewa kuna wanaobaki wanavuja mkojo na wanaopoteza nguvu za kiume, kwa kansa ambayo isingewaua. Kuna utafiti mkubwa wa Ulaya ulioanza 1993, wanaume zaidi ya laki moja na sitini elfu wa miaka 55 mpaka 69, na baada ya miaka 23 walioalikwa kupima walikufa kwa kansa hii pungufu kwa asilimia 13. Maana yake kwa watu: unawaalika wanaume 456 kuokoa mmoja, na kwa kila 12 wa ziada waliogunduliwa na kansa ni mmoja ndo ameokolewa kifo. Nilimwangalia. Akasema ndio, na huyo mmoja angeweza kuwa kaka yako. Hapo tulinyamaza wote wawili.

Kilichonifariji ni kwamba siku hizi kukutwa na kansa ya daraja la chini sio lazima ukimbilie kisu. Uingereza waliwafuatilia wanaume wenye kansa iliyokuwa bado ndani ya tezi kwa miaka 15, wengine upasuaji, wengine mionzi, wengine wanaangaliwa tu kwa karibu, na kwa makundi yote matatu karibu asilimia 97 hawakufa kwa kansa hiyo. Kwahiyo kujua sio sawa na kukatwa, na kwangu hiyo ndo imerudisha thamani ya kipimo.

Niongee kuhusu jamaa yangu mmoja kazini maana kisa chake kinanikera kuliko changu. Anameza finasteride miaka mitatu sasa, dawa ya tezi iliyovimba, inamsaidia kweli, usiku haamki tena mara tano. Kila mwaka anapima PSA na kila mwaka anarudi anajisifu, "mimi 3.4 bwana, chini ya nne, wewe ndo mgonjwa." Mwaka jana nikamuuliza, walijua unameza hiyo dawa? Akasema wataijuaje wakati hawajauliza. Hiyo dawa, na mwenzake dutasteride, ukishaitumia kama miezi sita hadi mwaka inashusha PSA karibu nusu. Ile 3.4 inabidi izidishwe mara mbili. Yaani alikuwa na 6.8, namba ileile iliyonifungia mimi kwenye gari, na yeye anatembea kifua mbele. Sasa hivi yupo kwenye foleni ya MRI na kujisifu kumeisha. Wale wenzangu mnaotumia finasteride ya nywele ile ya miligramu moja, msijidanganye, inashusha vilevile, mtaje.

Hapo ndo nyota ya pili imekwenda. Karatasi iliyosema "kawaida" kwa mtu anayemeza hiyo dawa ni mbaya kuliko iliyosema H kwangu, mimi angalau nilishtuka.

Kuna sehemu moja nakipa nyota tano bila kubisha, nayo ni ile kazi yake ya mwanzo, kumfuatilia ambaye tayari anajulikana anaumwa. Kaka alianza dawa za homoni na ile mia nne na kitu ikaanza kushuka, baada ya miezi mitatu ikasoma 31, baada ya miezi sita 2.2, sasa iko chini ya moja. Ameibandika orodha kwenye mlango wa kabati na kila akitoka maabara anaongeza mstari kwa kalamu nyekundu. Na aliyetolewa tezi yote namba inatakiwa ianguke mpaka isionekane kabisa, ikianza kunyanyuka tena hata kwa nukta chache dokta anajua mapema kabla mwili haujasema chochote. Pale hakuna cha "labda ni baiskeli". Namba ikiwa na historia nyuma yake inaongea, ikiwa peke yake inabwabwaja.

Ndo maana nasema, ukipima mara ya kwanza itunze hiyo karatasi hata kama ni 0.9. Ya pili utailinganisha na hiyo. Na jitahidi iwe maabara ileile maana mashine tofauti zinaweza kutofautiana kidogo ukajitisha bure.

Umri wa kuanza, American Cancer Society, shirika la kansa la Marekani, kwa muda mrefu wameshauri mazungumzo na dokta yaanze ukiwa na 50 kama huna historia, 45 kama ni mtu mweusi au baba au kaka aliugua kabla ya miaka 65. Wamesema mazungumzo, sio sindano, na hapo mimi nakubaliana nao kwa mikono miwili.

Mwezi uliopita nimefanya ya nne, 4.4. Dokta akaandika pembeni ya namba maneno mawili kwa mkono, "iko palepale", nikatoka nikaendesha baiskeli mpaka nyumbani.

Mdogo wetu wa mwisho ana 47, nimemsumbua miezi sita ndo juzi kaenda, sehemu ileile niliyoanzia mimi kwa sababu iko karibu na kwake. Jioni akanipigia, "kaka wameshatuma, 1.1, hamna H." Nikamshukuru Mungu, alafu nikamuuliza, kabla ya sindano walikuuliza kitu chochote? Akafikiri kidogo.

"Jina, umri, na namba ya simu."

Nyota zinabaki tatu.